Kibarua, usiumie bila kuacha alama

Kibarua ana sura nyingi. Huenda wewe ni saidia fundi kwenye ghorofa linalopanda Kariakoo, au unapakia mifuko kiwandani Vingunguti, au unakata miwa Kilombero msimu ukifika, au unafanya usafi kwenye jengo la ofisi ulikoletwa na wakala na hakuna anayelijua jina lako la pili. Mkilipwa jioni wote mnaondoka na swali moja: kesho nitaitwa? Mwongozo huu unahusu kile ambacho swali hilo, likirudi kila siku kwa miezi na miaka, linaufanyia mwili na akili, na yale unayoweza kuyafanya ukiwa bado humo humo. Sitakuambia utafute ajira ya kudumu. Ingekuwepo ungeshaichukua.

Naamini jambo moja, na mengine yote hapa yanatoka humo: kibarua hamalizwi na uzito wa kazi peke yake, anamalizwa na kuumia pasipo kuacha alama yoyote. Mwenye mkataba akikatwa na mashine kuna faili lake, kuna karatasi ya daktari, kuna mtu wa utumishi anayepaswa kujibu. Wewe ukikatwa, kesho yake nafasi yako imeshajazwa na mwingine kutoka getini, na kidonda kinabaki chako mwenyewe. Kwa hiyo nitazungumzia dawa na usingizi, lakini nitazungumzia zaidi daftari. Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Siku za mwanzo

Huko Toronto, Kanada, kuna taasisi iitwayo Institute for Work & Health ambayo kwa miaka mingi imefuatilia nani anaumia kazini na lini. Imeona kwamba mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza kwenye kazi ana hatari ya kuumia zaidi ya mara 3 ya mwenzake aliyekaa zaidi ya mwaka. Mgeni hajui mashine hukwama vipi, hajui ngazi ipi imelegea, wala hajui kwamba lile pipa lisilo na nembo lina asidi. Sasa tazama maisha yako. Wiki hii uko kwenye mashine ya kukunja mabati, wiki ijayo kwenye ghala la mbolea, mwezi ujao juu ya jukwaa la mabanzi ukipandisha tofali. Mwezi wako wa kwanza hauishi.

Mwaka 2005 watafiti wa Ufini walipitia tafiti 27 kuhusu ajira za muda na afya. Waliona kwamba wenye ajira za muda wana msongo na sonona zaidi kuliko wenye ajira za kudumu, na dalili kwamba huumia zaidi kazini. Lakini ukihesabu siku za kuugua walizochukua, zilikuwa chache. Wewe huhitaji kuambiwa sababu. Homa imekushika, kichwa kinagonga, lakini saa 12 asubuhi uko getini, kwa sababu usipoonekana leo huenda jina lako likarukwa kesho. Ugonjwa unaofichwa hivyo ndio unaorudi ukiwa mkubwa.

Basi siku ya kwanza mahali popote, kabla hujagusa mashine, jua swichi ya kuizima iko wapi. Isogelee, iangalie, ujue mkono wako unaifikia. Jua kisanduku cha huduma ya kwanza kiko kwa nani. Jua kilichomo kwenye ndoo au pipa unalotakiwa kulibeba. Vibarua wengi wanaogopa kuuliza wasionekane wasumbufu, na hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo uliza hivi: "Kaka, naomba unionyeshe mara moja, nisije nikaharibu mali." Sijaona msimamizi anayekataa swali hilo, kwa sababu mali ikiharibika anaulizwa yeye. Mashine ikikwama usiingize mkono ikiwa bado ina umeme, hata kama aliyekutangulia alifanya hivyo mbele yako kwa miaka. Ncha za khanga, mtandio na mikono mirefu ya shati zifungwe mbali na mkanda unaozunguka.

Zege, vumbi na dawa za maumivu

Saruji ikishalowa inakuwa na ukali wa alkali unaoila ngozi taratibu, na huusikii unavyoingia. Unapiga magoti kwenye zege bichi asubuhi, suruali inalowa, unaendelea kusawazisha hadi mchana. Jioni ukivua unakuta magoti mekundu, yamevimba, pengine yamechubuka hadi nyama. Mbaya zaidi ni zege lililoingia ndani ya buti, kwa sababu linakaa humo na jasho kutwa nzima. Likiingia, vua saa hiyo hiyo, osha kwa maji mengi safi ya bomba, badilisha soksi. Glavu za kitambaa hazifai hapa. Zinanyonya maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Zinatakiwa za mpira. Kuzitoa ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo wakala wake, OSHA, ndio wanaokagua. Ukijinunulia mwenyewe kwa sababu hakuna njia, sikulaumu; andika tu kwenye daftari kwamba ulijinunulia.

Vumbi ni habari nyingine. Kukata vigae, kupasua zege kavu, kusaga mawe na kupiga msasa ukuta hutoa chembe za silika ndogo kiasi cha kupita kwenye kitambaa ulichojifunga puani. Zinatulia kwenye mapafu na kuyatia makovu. Makovu hayo hayaponi, na mwenye nayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Maziwa yanayogawiwa baada ya kazi ni chakula kizuri, lakini hayaoshi mapafu, na mwajiri anayeyatoa badala ya barakoa hajakukinga na chochote. Kinachosaidia kweli ni maji: lowesha kigae kabla ya kukikata, nyunyizia sakafu kabla ya kufagia. Ndoo na kopo vinatosha.

Ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, au ukitoka jasho la usiku na kupungua uzito, nenda kapime kifua kikuu. Vipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Dawa ni za miezi 6, na hapa ndipo vibarua wengi wanapokwama, kwa sababu kazi inawahamisha. Kama unaondoka Dar es Salaam kwenda kwenye mradi Dodoma, waambie kliniki kabla hujasafiri wakuandikie uhamisho. Utaendelea na dozi huko bila kuanza upya. Kuacha dozi katikati kunawapa vijidudu nafasi ya kuwa sugu, na anayelala nawe chumba kimoja naye yuko hatarini.

Nalisema na hili kwa uzito: punguza diklofenaki. Najua inavyotumika. Mgongo unauma baada ya siku nzima ya mifuko ya kilo 50, unapita duka la dawa, unakunywa 2 usiku na 1 asubuhi ili uamke. Ikifanyika hivyo mwezi mzima, hasa bila kula na bila maji ya kutosha, tumbo linaweza kutoboka na figo kuharibika, na figo haziumi mpaka umechelewa. Kunywa maji kabla ya kiu, hasa kati ya Desemba na Machi joto la pwani linapokuwa kali. Angalia mkojo wako: ukiwa na rangi ya chai, mwili unakauka. Maumivu yakizidi siku 5, hilo ni la daktari.

Daftari

Vumbi la silika lina jambo moja linalomkomoa kibarua: ugonjwa hutokea wakati kazi imeshasahaulika. Makovu ya mapafu huchukua miaka kujionyesha. Kufikia hapo umepita kwa waajiri wengi, na kila mmoja atasema hakujui. Ndiyo maana nataka ununue daftari dogo leo, la kukaa mfukoni, na uandike kila siku ya kazi kwa mistari miwili au mitatu. Ukurasa wake uwe namna hii:

"Jumanne 4/3. Kiwanda cha mabati, Pugu Road. Nimeingia saa 1 asubuhi, nimetoka saa 12 jioni. Msimamizi ni (jina). Nimepakia lori 2. Nimelipwa 10,000 taslimu. Vumbi jingi, hakuna barakoa."

Ukilipwa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Ukipewa kadi ya getini, ipige picha. Kama kuna orodha ya mahudhurio unayosaini, nayo ipige picha ukipata nafasi. Mwisho wa wiki piga picha kurasa za daftari na umtumie ndugu mmoja, ili likipotea zisipotee zote.

Daftari hili lina kazi mbili. Daktari akikuuliza umefanya kazi gani miaka 5 iliyopita, utamjibu kwa tarehe. Na sheria nayo inahesabu siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi mwenye utumishi chini ya miezi 6 hana likizo ya malipo, pamoja na ile ya ugonjwa. Wengi wanaambiwa hadi hapo tu, kisha wanaondolewa mwezi wa 5 na kurudishwa baada ya wiki 2. Kinachoachwa kusemwa ni kwamba ukifanya kazi kwa mwajiri huyo huyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla yake ikazidi miezi 6, haki hiyo unayo. Mfanyakazi wa msimu anayo pia. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa ujira kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Vivyo hivyo kinga dhidi ya kuachishwa bila haki huanza ukitimiza miezi 6 kwa mwajiri mmoja, iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi. Bila kumbukumbu, hesabu hiyo inafanywa na mwajiri peke yake.

Ukiambiwa "wewe si mfanyakazi wetu, wewe ni kibarua tu", jua kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kama, kwa mfano, amemfanyia mwingine kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, au kama saa zake na namna ya kazi yake vinaongozwa na huyo mwingine. Saa 45 ni kama wiki moja ya kazi. Vibarua wengi wanaipita hiyo kabla ya tarehe 10. Na katika shauri, mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo ya kazi yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha yaliyokubaliwa unahamia kwake. Daftari lako halitamaliza ubishi lenyewe, lakini mbele ya mtu asiye na karatasi hata moja lina uzito.

Ukiumia

Sema siku hiyo hiyo. Mwambie msimamizi mbele ya mwenzako mmoja, kisha mtumie ujumbe mfupi wa simu, hata kama mmeshaongea: "Bosi, leo saa 5 nimekatwa kidole kwenye mashine ya kukata, naenda hospitali." Ujumbe huo unabaki na saa yake. Ukifika hospitali au zahanati, waeleze kwamba umeumia kazini na uombe iandikwe hivyo kwenye cheti. Nimekaa na watu walioogopa kulisema hilo wasije wakamletea bosi matatizo. Wakaandikiwa "ameanguka nyumbani", na hapo madai yao yakaishia. Kidonda kirefu au cha chuma chenye kutu kinahitaji chanjo ya pepopunda, iulize usipopewa.

Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Michango yake hutolewa na mwajiri peke yake. Hakuna shilingi inayotakiwa kukatwa kwenye ujira wako. Mfuko unalipia matibabu ya aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, fidia ya kipato wakati hawezi kufanya kazi, ulemavu wa kudumu, na mafao kwa wategemezi akifariki. Miezi 6 ya likizo haihusiki hapa. Unaweza kuumia siku ya kwanza, na bado ni ajali ya kazini. Taarifa ni ya mwajiri kuipeleka, lakini asipoipeleka nenda mwenyewe kwenye ofisi ya WCF na cheti cha hospitali, daftari na ule ujumbe. Usichelewe: ajali isipofikishwa kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12, haki hupotea.

Mara nyingi utapewa elfu 50, pole nyingi, na ushauri wa kupumzika nyumbani "mambo yatulie". Pokea pole na pokea pesa kama unaihitaji. Usisaini karatasi inayosema hudai tena kabla hujasomewa na mtu unayemwamini. Na kama umeachishwa kwa sababu umeumia, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hupokea mgogoro wa kuachishwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Siku hizo zinakwisha haraka ukiwa umelala na mguu kwenye plasta, kwa hiyo mtume ndugu akaulize fomu.

Usiku, presha na mawazo

Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, pamoja na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri inaongezewa asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa. Kibarua anavuka mipaka hii kwa hiari ya shida: shifti ya mchana kiwandani, ulinzi usiku. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa takriban asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Kama huna budi kupiga shifti mbili, usizifuatanishe siku 2 mfululizo, na pima presha kila mwezi. Haiumi wala haitoi ishara. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, unahitaji tiba, hata kama una miaka 28.

Anayelala mchana kwenye chumba cha bati anajua adha yake. Ziba dirisha kwa kitenge kizito, lala upande usiopigwa na jua la mchana, zima simu isipokuwa kwa namba moja ya nyumbani. Vinywaji vya kuchangamsha visinywewe nusu ya pili ya shifti. Usingizi wa asubuhi ndio unaoibiwa.

Mawazo nayo ni ugonjwa yakikaa. Usipopata usingizi hata ukiwa umechoka, ukikasirikia watoto bila sababu, ukipoteza hamu ya chakula na ya watu, na hali hiyo ikipita wiki 2, nenda hospitali ya wilaya umwambie daktari hivyo hivyo. Pombe ya jioni inaleta usingizi mbovu na asubuhi yenye mikono inayotetemeka karibu na mashine. Ninachokiona kinasaidia zaidi ni watu 6 au 8 mnaofanya kazi pamoja kuweka akiba ya homa: kila mmoja 500 kwa siku ya kazi, na anayeugua kwa kweli analipwa nusu ya kutwa yake kwa siku 3. Hapo mtu anaweza kubaki kitandani bila kuwalaza watoto njaa. Fuatilia pia bima ya afya ya kaya kwenye kituo cha afya kilicho karibu, kwa jina lako, usiisubiri ya kiwanda.

Mjamzito na anayenyonyesha, sheria inakataza upewe kazi inayohatarisha afya yako au ya mtoto. Mbolea, rangi, viyeyusho na mizigo mizito vimo humo.

Kazi za kukataa

Nimeandika kana kwamba kila kazi inaweza kuvumiliwa kwa tahadhari. Zipo zisizovumilika. Mashine iliyoondolewa kinga yake ili iende haraka, ikatae. Kupanda juu ya ghorofa bila mkanda wala kizuizi, kataa. Na kazi ninayoiogopa kuliko zote ni ya kuingia ndani ya shimo la maji taka, kisima au tangi lililofungwa, kwa sababu inalipa vizuri na inaonekana ni ya dakika 10. Hewa ya humo inaweza kukosa oksijeni au kuwa na gesi ya sumu, na gesi ya maji taka ikizidi huua uwezo wa kunusa, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Mtu huishiwa nguvu kabla hajapanda ngazi. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake, na wa tatu juu ya wa pili. Ndiyo maana ajali za mashimo huchukua watu wa familia moja au kundi moja la kazi. Ukimwona mwenzako ameanguka humo, usishuke. Piga kelele, zuia wengine wasishuke, piga 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kama alikuwa amefungwa kamba, mvuteni mkiwa juu.